Barua ya wazi kwa wanaosimamia programu za baada ya shule Marekani: anzeni na basi la jioni

Waheshimiwa wakuu wa wilaya za shule, wajumbe wa bodi za shule, maofisa wa idara za elimu za majimbo mnaogawa ruzuku, na wakurugenzi wa mashirika mnaoziomba ruzuku hizo,

Salaam.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Miaka nenda miaka rudi wazazi wetu wanapokea kutoka kwenu karatasi za Kiingereza, kisha wanahangaika kumtafuta mtu wa kuwasomea. Safari hii mtafuteni ninyi. Mkalimani mnaye, yumo kwenye mkataba, na kama hayumo basi hilo nalo mtakuwa mmelijua.

Mimi ni mzazi, Mtanzania kwa kuzaliwa. Jioni nawasaidia watoto wa majirani masomo yao, na shule zinapoita wazazi mimi huwa nakaa katikati nikitafsiri. Wengi ninaowahudumia ni familia za Kongo. Kwa miaka kadhaa kabla ya 2025, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyokuwa ikileta wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine katika mpango wa makazi mapya wa Marekani, ndiyo maana leo unaweza kusikia Kiswahili kwenye korido za shule za Kentucky, Ohio, Texas, Arizona na Iowa. Sisemi kwa niaba ya shirika lolote, na hakuna aliyenituma.

Ombi langu ni moja. Programu ya baada ya shule mnayoipanga kwa ajili ya watoto wa wahamiaji wenye kipato kidogo, ipangeni kuanzia mwisho wake: mtoto atafikaje nyumbani, saa ngapi, na atamkuta nani. Mkishajibu hayo ndipo mzungumzie roboti, kwaya, hesabu na mpira. Mpaka leo mnafanya kinyume. Mnaanza na orodha nzuri ya shughuli, mnatafuta walimu, mnachapisha kipeperushi, na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, mnaandika kwamba mzazi atamchukua mtoto wake saa kumi na moja na nusu jioni.

Mzazi gani huyo?

Zamu ya pili kwenye viwanda vya nyama na kuku, na kwenye maghala makubwa, huanza kati ya saa nane na saa kumi alasiri na kumalizika karibu na saa sita usiku. Hiyo ndiyo zamu anayopewa mgeni, kwa sababu wenyeji wenye miaka mingi kazini wameshachagua ya asubuhi. Mama anayefanya zamu hiyo anamwona mtoto wake asubuhi, dakika chache kabla basi la shule halijapita, na anamwona tena amelala. Baba, kama yupo, huenda anafanya zamu ya usiku na saa hizo za jioni ndizo anazojiandaa kutoka. Gari ni moja, na mara nyingi ni la watu watano wanaochangia mafuta kwenda kiwandani. Halafu kuna mama mwenye gari asiye na leseni, kwa sababu bado anasomea mtihani wa maandishi. Hawa wote mnawaandikia kwamba kila dakika ya kuchelewa kumchukua mtoto ina faini. Wanachofanya ni kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: hawaandikishi kabisa. Kisha kwenye ripoti mnasoma kwamba familia za wahamiaji "hazina mwamko".

Nimekaa kwenye mikutano nikalitafsiri neno hilo kwa sauti ya upole, maana mkalimani hana ruhusa ya kukasirika.

Sasa niseme juu ya mtoto ambaye hayumo kwenye orodha zenu zozote: dada mkubwa. Ana miaka kumi na minne au kumi na mitano, yuko darasa la tisa. Shule yake inafungwa mapema kuliko shule ya msingi ya wadogo zake, kwa hiyo anawahi kushuka kwenye basi ili awapokee. Anapasha chakula, anaosha vyombo, anamsaidia wa darasa la pili kusoma kitabu cha Kiingereza ambacho yeye mwenyewe anakisoma kwa kusitasita, anajibu simu ya hospitali kwa niaba ya mama, anafungua bahasha ya kampuni ya umeme. Kazi zake za shule anazigusa saa nne usiku. Kwenye shule yake kuna klabu ya hesabu, kuna mafunzo ya kuandaa maombi ya chuo, kuna timu ya mbio ambayo kocha alishamtamani. Hajawahi kukaa hata siku moja. Mwalimu ananiambia binti huyu "hajitumi".

Mkitaka kumsaidia binti huyo, msimletee programu yake. Wapeni nafasi wadogo zake. Mtoto wa darasa la pili akibaki shuleni salama mpaka saa kumi na mbili jioni, akala, akarudishwa mlangoni, mmewaokoa wawili kwa gharama ya mmoja. Hili sijaliona likiandikwa kwenye ombi lolote la ruzuku, na ndilo lingeongeza thamani ya kila dola mnayoitumia.

Lakini tazameni mnavyoandikisha. Kila shule ina fomu yake, kila mtoto ana bahati nasibu yake. Wa darasa la pili anapata, wa darasa la nne anawekwa kwenye orodha ya kusubiri, na wa tano yuko shule nyingine ambayo programu yake inaendeshwa na shirika jingine lenye saa nyingine. Ndugu watatu, majibu matatu. Dada mkubwa bado anatakiwa nyumbani kwa ajili ya yule mmoja aliyekosa, na mama anaona heri wote warudi pamoja. Nafasi mliyompa yule wa kwanza inakaa wazi wiki mbili, mnampa mwingine, mnaandika "alijiondoa". Andikisheni familia, si mtoto mmoja mmoja. Ndugu waingie pamoja au wasubiri pamoja.

Narudi kwenye basi, kwa kuwa najua mtasema ni ghali. Ni ghali kweli, na madereva wa mabasi ya shule wamekuwa haba tangu janga la korona. Hata hivyo, sheria yenyewe haikulisahau. Fedha kubwa za serikali kuu zilizotengwa mahsusi kwa kazi hii, za mpango unaoitwa 21st Century Community Learning Centers, zilianza na sheria ya mwaka 1994 na sasa hufikia takriban dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Zinapitia majimboni, na majimbo huzigawa kwa ushindani. Mwombaji anatakiwa na sheria aeleze watoto watakavyosafiri salama kwenda kituoni na kurudi nyumbani, na aeleze atakavyoitangazia jamii habari za kituo kwa namna inayoeleweka na kufikika. Ninyi wa idara za majimbo ndio mnaosoma majibu hayo na kuyapa alama. Sentensi moja inayosema "wazazi watawachukua" isihesabiwe kuwa jibu kwenye shule ambayo nusu ya wazazi wako kiwandani saa hiyo. Mpeni sifuri. Mwaka unaofuata mtashangaa jinsi mabasi yanavyopatikana.

Na basi si lazima liwe kubwa wala lipite kila mtaa. Familia za wakimbizi hazikutawanyika mjini kama mahindi yaliyomwagika. Mashirika ya mapokezi huwapangia nyumba pale kodi inapowezekana na mwenye nyumba anapokubali mpangaji asiye na historia ya mikopo, matokeo yake majengo machache yanabeba watoto wengi. Basi moja la jioni linalokusanya watoto wa shule tatu na kuwashusha kwenye mageti mawili ya majengo hayo linaweza kubadili mwaka mzima wa shule. Kwa wakubwa, tiketi ya mwezi ya basi la mji inatosha pale ambapo basi la mji lipo.

Kuna njia rahisi zaidi: ileteni programu kwenye majengo hayo. Mengi yana ukumbi wa wapangaji unaofunguliwa kwa sherehe za kuzaliwa na kufungwa siku nyingine zote. Sheria ya ruzuku hiyohiyo inaruhusu kituo kuwa nje ya shule, ilimradi kipatikane na kufikika na watoto angalau sawa na shule yenyewe. Mtoto akiwa hatua hamsini kutoka mlangoni kwake, swali la basi limekufa. Bibi anaweza kushuka kumchukua. Na nyumba za kwetu bibi hakosekani, au shangazi, au jirani anayeitwa shangazi. Wekeni hao kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto bila kudai leseni ya udereva kama kitambulisho pekee.

Msisahau pia kwamba familia mbili zinazobanana kwenye nyumba ya vyumba viwili kwa kushindwa kodi zinahesabiwa na sheria ya McKinney-Vento ya mwaka 1987 kuwa hazina makazi, na watoto wao wana haki ya kusafirishwa kwenda shule ileile waliyokuwa wakisoma hata wakihama. Kila wilaya ina ofisa anayehusika na watoto hao. Wazazi wetu hawamjui, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu anayeweza kujiita hana makazi wakati amelala kwa kaka yake. Waulizeni wazazi kwa namna nyingine: mnaishi na nani, na mnalipaje kodi.

Sasa fomu. Nafasi zinafunguliwa mtandaoni siku fulani saa sita mchana, anayewahi ndiye anayepata. Saa sita mchana simu za wafanyakazi wa zamu ya asubuhi ziko kwenye makabati ya kiwandani. Wakitoka, orodha imejaa. Waliopata ni wazazi wanaokaa mbele ya kompyuta kazini, ambao nao wana haki zao, sina ugomvi nao. Lakini fedha iliyotolewa kwa ajili ya watoto maskini isigawiwe kwa mbio ambazo maskini hakuruhusiwa hata kusimama kwenye mstari. Acheni dirisha wazi wiki mbili, kisha mpange kwa uhitaji. Pokeeni fomu mkononi. Mpigie mzazi simu, au mtumieni ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, maana wapo mama waliokosa shule kwa vita wasiosoma kwa urahisi lugha yoyote. Ukimpa karatasi yenye Kiswahili sanifu kilichotoka kwenye mashine bado hujamwambia kitu. Sauti ya mtu anayemfahamu inamtosha.

Na punguzeni maswali. Mnaomba namba ya hifadhi ya jamii ya nini, kwa mtoto anayekuja kusoma na kucheza? Cheti cha mshahara cha miezi mitatu cha nini, wakati shule nzima imeshathibitishwa kuwa ya watoto wa kipato cha chini? Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto elimu ya bure ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Wazazi hawaijui kesi hiyo. Wanachojua ni kwamba mwezi Januari 2025 serikali iliondoa mwongozo uliokuwa ukiwazuia maofisa wa uhamiaji kufanya operesheni shuleni, makanisani na hospitalini isipokuwa kwa nadra. Tangu hapo kila kisanduku kwenye fomu kinaonekana kama mtego, hata kwa mwenye karatasi kamili. Wakimbizi wako nchini kihalali tangu siku ya kutua, na sheria ya kumhesabu mtu kuwa mzigo kwa serikali haiwagusi wanapoomba grin kadi. Bado wananiuliza kwa kunong'ona kama kumwandikisha mtoto kwenye masomo ya jioni kutaharibu karatasi. Wengine kwenye familia hiyohiyo, au nyumba ya pili, hawana karatasi, na watoto wao ni raia waliozaliwa hapa. Msichokihitaji msikiulize. Mnachokiuliza, andikeni pale pale kwenye fomu nani atakiona na nani hatakiona, kwa maneno ambayo ofisa wenu yuko tayari kuyatetea.

Wajibu wa kuzungumza na wazazi kwa lugha wanayoielewa hamkupewa na mimi. Unatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na Sheria ya Fursa Sawa za Elimu ya mwaka 1974. Mwaka huohuo wa 1974, familia za Kichina za San Francisco zilishinda katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, mahakama ikasema kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kilekile na mwalimu yuleyule si kumtendea sawa. Miongozo ya serikali huja na kuondoka. Sheria hizo bado zipo vitabuni.

Chakula nitakitaja kwa ufupi kwa kuwa hapa hamna kisingizio. Tangu sheria ya chakula cha watoto ya mwaka 2010, majimbo yote yanaweza kupata fedha za Wizara ya Kilimo kwa ajili ya mlo kamili wa jioni kwenye programu zilizo maeneo ambayo nusu ya watoto wa shule ya karibu, au zaidi, wanastahili chakula cha bure au cha bei ya chini. Mzazi hajazi fomu yoyote. Bado nakuta vituo vinavyogawa pakiti ya biskuti kwa mtoto aliyekula mara ya mwisho saa tano asubuhi. Ombeni fedha hizo.

Kuhusu kinachofundishwa, nitasema jambo ambalo huenda wenzangu wanaotetea programu hizi wasilipende. Programu ya baada ya shule si dawa kwa kuwepo tu. Tathmini kubwa ya vituo vya ruzuku ya serikali kuu iliyochapishwa miaka ya mwanzo ya 2000 haikuona mafanikio ya maana ya masomo kwa watoto wa shule za msingi, na wengi walikuwa wakihudhuria kwa kurukaruka. Uchambuzi wa watafiti Durlak, Weissberg na Pachan wa mwaka 2010, uliokusanya tafiti nyingi, uligundua kwamba programu zilizowanufaisha watoto ni zile zenye mpangilio wa hatua kwa hatua, zinazomshughulisha mtoto, zinazotenga muda kwa stadi maalumu na kueleza wazi ni stadi gani. Nyingine hazikuleta tofauti. Kwa hiyo chumba chenye meza, vijana wawili wa chuo na ukimya wa kufanya kazi za nyumbani hakitoshi.

Kwa watoto wetu hakitoshi kabisa, na sababu yake ni historia yao. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996, huenda amesoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa na Kiswahili, darasa lililojaa, vitabu vichache. Aliyepitia Kakuma amesoma mtaala wa Kenya na Kiingereza chake ni kizuri kuliko mnavyodhani. Aliyetoka Nakivale kule Uganda ana hadithi nyingine. Wote watatu wanafika hapa wana miaka kumi na mitano, mnawaweka darasa la tisa kwa umri, na mnawapa aljebra. Mmoja anaijua lakini kwa lugha nyingine. Mwingine hajawahi kugawanya sehemu. Mkiwakusanya saa tisa alasiri na kuwaambia "fanyeni kazi za nyumbani", wa kwanza atachoka na wa pili ataificha karatasi. Mtoto wa pili anahitaji mwalimu anayejua kufundisha sehemu kwa kijana mwenye ndevu zinazoanza kuota bila kumdhalilisha. Huyo ni mwalimu wa kweli, na analipwa.

Nikifika kwenye malipo siwezi kunyamaza. Kila programu inaposema "inashirikisha jamii", maana yake halisi ni kwamba mama wa Kikongo mwenye diploma ya ualimu kutoka Bukavu, anayesafisha vyumba vya hoteli asubuhi, anaombwa aje jioni kujitolea. Anaitwa nguzo. Anapigwa picha. Anayeketi naye, kijana mwenye Kiingereza kizuri na ujuzi mdogo, analipwa kwa saa. Mwajirini mama huyo. Vyeti vyake vya nje vinaweza kuwa na mlolongo mrefu kabla hajaruhusiwa kushika darasa la mchana, lakini programu za jioni kwa kawaida hazidai leseni hiyo. Anajua hesabu, anajua Kifaransa, Kiswahili na Kimashi, na anajua mtoto anapodanganya kwamba ameshakula.

Wala jambo hili si geni kwenye nchi yenu. Mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua nyumba ya huduma kwa jamii iitwayo Hull House katikati ya mitaa ya wahamiaji wa Chicago, Waitalia, Wagiriki, Wayahudi na wengine, wakaweka shule ya chekechea, klabu za watoto, ukumbi wa michezo na madarasa ya jioni ya watu wazima. Walihamia wakaishi hapohapo mtaani. Hawakungoja Mwitaliano apate leseni.

Mtaniambia fedha za serikali kuu haziaminiki. Kweli. Tarehe 30 Juni 2025, siku moja kabla ya fedha kutakiwa kutoka, majimbo yaliarifiwa kwamba mabilioni ya dola yamezuiwa, yakiwemo ya vituo vya baada ya shule, ya wanaojifunza Kiingereza na ya watoto wa vibarua wanaohamahama. Ziliachiliwa kabla ya mwezi Julai kwisha baada ya kelele za vyama vyote viwili, lakini mwezi huo ndio wa kuajiri, na mfanyakazi mzuri hawezi kukaa akisubiri barua. Ndiyo sababu nawaandikia ninyi wa majimbo na wilaya badala ya Washington. California ilipitisha kwa kura ya wananchi, mwaka 2002, sheria ya kutenga fedha za jimbo kwa programu za baada ya shule, na tangu 2021 imeongeza mpango mwingine unaotaka siku ya mtoto, shule na programu kwa pamoja, iwe na urefu wa saa tisa, pamoja na siku 30 za likizo. Saa tisa nzima! Hapo mtu amefikiria zamu ya mzazi, japo si zamu ya pili. Jimbo lenu linaweza kuanza na wilaya chache zenye viwanda.

Na wenye viwanda waulizwe pia. Kampuni inayoshusha mabasi madogo mjini kuchukua wafanyakazi wa zamu ya pili haiwezi kudai kwamba usafiri wa jioni hauwezekani. Mameya, ninyi huwakaribisha kwa misamaha ya kodi ya miaka mingi. Kwenye mkataba unaofuata ongezeni mstari wa basi la watoto.

Najua pia kuna wanaosubiri tatizo liishe lenyewe. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa, wageni wapya wamekuwa wachache mno, na kwenye kikao kimoja nilitafsiri hoja kwamba mahitaji "yatapungua". Watoto waliofika 2023 na 2024 hawajapungua. Wamo madarasani, wanakua, na msaada wa mapokezi wa siku 90 waliopewa wazazi wao umekwisha zamani. Kilichobaki kinachowafikia kila mwezi ni bili ya mkopo wa tiketi za ndege zilizowaleta. Miaka mitatu ya mwanzo ndipo mtoto huamua kama shule ni yake au ya wenyewe. Kwa waliopo, miaka hiyo ni sasa. Uchunguzi wa kitaifa wa Afterschool Alliance, shirika linalotetea programu za baada ya shule, wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa kila mtoto aliyemo kwenye programu, watatu wengine wangeingia kama ingekuwepo. Nafasi haziwezi kukosa wa kuzijaza.

Na ninyi wazazi wenzangu mtakaosoma haya kabla yao: mikutano ya bodi ya shule huwa na muda wa mwananchi kusema, dakika mbili au tatu. Ombeni mkalimani siku kadhaa kabla, kwa maandishi, na mtunze nakala. Msimpeleke mtoto awatafsirie. Akitafsiri yeye, watamsikia yeye na kumpongeza kwa Kiingereza chake, na hoja yenu itapotea hapo.

Ninachotaka kutoka kwenu, waheshimiwa, ni tangazo moja kabla shule hazijafunguliwa mwezi Agosti. Kila wilaya iseme hadharani, kwa kila programu yake: mtoto wa mwisho anafika nyumbani saa ngapi, anafikishwa na nani, na ni wangapi walioacha kuandikishwa kwa kukosa usafiri. Namba hiyo ya tatu hamna, kwa sababu hamjawahi kuuliza. Ulizeni kwenye fomu ya kuanza shule, ambayo kila mzazi hujaza. Kisanduku kimoja kinatosha.

Nipo tayari kukaa nanyi, na nitakuja na akina mama wa zamu ya pili na angalau dada mkubwa mmoja. Kikao kiwe asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, au Jumapili alasiri baada ya ibada. Mkikiweka saa kumi na moja jioni mtakuwa peke yenu.

Wenu,
Mzazi na mkalimani wa kujitolea